Kilichomtuliza Clement

Dodoma,
Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Mpendwa dada yangu Agnes,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua kwa baridi hii ya Juni. Shemeji Melkizedeki naye mpe shikamoo yangu, umwulize kama dawa ya macho imemsaidia. Sisi huku hatujambo. Mwanao Clement ni mzima, anakula, na leo ana siku tisini na mbili tangu aanze dawa. Wifi yako Kristina yuko nyumbani Iramba peke yake na alizeti iliyokwisha kukauka shambani. Kila nikimpigia ananiambia ndege wameanza kuimaliza. Mimi bado niko hapa, kila asubuhi nakunja nguo zangu niondoke, na kila jioni nazikunjua.

Utanisamehe mwandiko. Naandikia kwenye benchi nje ya kituo cha tiba, Clement akiwa kwenye foleni ya dirishani, na nimeshasimama mara tatu kabla ya kufika mstari huu. Gasto, konda wa basi linalopita Manyoni, amesema wanaondoka saa nne, na kwamba atampa bodaboda barua hii ailete Kilimatinde mpaka mlangoni kwako. Kwa hiyo muda sina, lakini ni lazima niandike yote.

Dada, Jumapili ulinipigia simu kwa furaha. Ulisema umesimama kanisani ukashuhudia jinsi Clement alivyofunguliwa sebuleni kwako kwa maombi ya akina mama. Ukasema jirani yako Sikudhani, ingawa si wa kanisa letu, amesikia habari hiyo akakuletea kijana wake Mazengo, naye anatumia unga, na kwamba mmemfungia chumba cha nyuma mnamwombea kwa zamu. Ulisema anatapika na kupiga kelele, lakini hamtafungua mpaka atulie kama Clement alivyotulia. Mimi nikanyamaza. Ukaita, "Naftali! Naftali!" ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikata mwenyewe.

Jumatatu nilikupigia, na jana nilikupigia mara mbili. Kila ulipopokea nikakuuliza habari za goti. Nina miaka sitini na tatu, nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa, na nilishindwa kukuambia neno moja wewe uliyenibeba mgongoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Acha nianze mwanzo, maana mengine sikuwahi kukuambia. Unajua Clement alikuwa fundi wa matairi pale barabarani, chini ya mlima Sekenke, ambapo malori husimama kukagua matairi kabla ya kupanda. Alikuwa mchapakazi. Mabati ya nyumba yetu ni jasho lake. Huo unga ulimfuata palepale kazini, ukaletwa na watu wa safari ambao hata majina yao hayajui. Alipoanza kukonda nilidhani ni vidonda vya tumbo, kwa sababu kila asubuhi alijishika tumbo mpaka atoke kidogo na kurudi amechangamka. Halafu jeki ikapotea. Ikafuata pampu ya upepo, na mwisho simu ya mama yake. Kristina ndiye aliyemkuta nyuma ya banda lake la matairi, anavuta.

Mwaka huu mwezi wa kwanza tulimfungia ghalani. Nilikupigia ukakubaliana nami, nami sikulaumu, maana hakuna aliyejua njia nyingine. Alikaa humo siku tisa. Alitapika, akaharisha, akatetemeka kama mtu aliyelowa mvua, akanitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Siku ya tisa akaomba uji. Tulimtoa, tukachinja mbuzi, mchungaji akaja kushukuru pamoja nasi. Siku ya tatu baada ya mbuzi huyo, wenzake walimkuta nyuma ya banda, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi moja halafu kimya kirefu. Walimpakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya. Tabibu mmoja kijana, jina lake Nathan, alimpigania kwa pumzi na sindano mpaka akafungua macho.

Nathan alinikalisha chini akaniambia kwa upole kitu ambacho mpaka leo kinanizunguka kichwani. Alisema siku zile tisa mwili wa Clement ulipoteza mazoea ya unga, lakini hamu haikumtoka. Aliporudi akavuta kiasi kilekile cha zamani, na mwili ukashindwa kukibeba. Akasema wengi wanaokufa si wale wanaovuta kila siku, bali ni wale waliofungiwa na ndugu zao wakatoka bila tiba. Nilimwuliza kama ana maana kwamba mimi ndiye niliyetaka kumwua mwanangu. Akajibu, "Hapana mzee. Nina maana kuna dawa, na haipo hapa. Ipo Dodoma." Alipiga simu mbele yangu akatupatia siku ya kufika, na wiki zote za kungoja Clement aliendelea kuvuta.

Tuliondoka Iramba alfajiri. Kufika stendi ya Singida Clement alikuwa anapiga miayo mfululizo na machozi yanamtoka bila kulia. Wenyewe wanaiita hali hiyo arosto. Tulipopita Ikungi alianza kutapika. Mbele kidogo tumbo likamshinda, akajichafua kwenye kiti. Abiria wakafungua madirisha, wengine wakapiga kelele tushushwe, na konda wa basi lile akatushusha Manyoni. Nilimwosha mwanangu mwenye miaka ishirini na tisa kwenye choo cha stendi kama nilivyomwosha alipokuwa mtoto. Nikakupigia simu. Ukasema tuje kwako mara moja.

Kati ya simu ile na kufika kwetu ilipita saa nzima. Uliniuliza mbona tumechelewa, nikasema bodaboda walikuwa hawapatikani. Dada, bodaboda walikuwa wamejipanga mbele yangu.

Saa hiyo Clement alikuwa amelala chini kwenye kivuli cha ukuta. Aliniambia, "Baba, mimi Dodoma siendi. Sifiki." Akajaribu kuinuka aende mwenyewe kutafuta, miguu ikamkataa, akaanza kutambaa. Watu wanapita, wanamruka. Nilijua akipata nguvu kidogo atapotelea mji ule nisimwone tena, na nafasi ya Dodoma ilikuwa ni ya kesho yake. Nikamwuliza niwaendee akina nani. Alinitazama kwanza kama hakusikia. Halafu akaniambia, huku analia.

Nilienda. Mimi Naftali, na Biblia ndani ya begi langu. Niliwakuta vijana wawili, wakanicheka, wakanidhani nimetumwa na polisi. Nikavua kofia, nikawaambia mwanangu yuko chini pale ukutani, mwende mkamwone. Mmoja wao, wa rika la Clement, akaacha kucheka. Nikamlipa, akanipa kete moja ya unga bila kunitazama usoni. Nikaiweka mfuko wa shati pamoja na miwani.

Hata hivyo sikumpa palepale. Nilishindwa. Tukapanda bodaboda, yeye katikati nimemkumbatia, na njia nzima ya kupanda Kilimatinde nilikuwa naisikia ile kete kifuani kana kwamba ni kaa la moto. Nilijiambia labda hatutaihitaji, labda kwako atapata nafuu. Ulitupokea, ukamlaza kwenye mkeka, ukamwona anavyojikunja. Ukasema unakwenda kuwaita akina mama wa maombi. Ulipotoka getini, nilimwinua Clement nikampeleka chooni, nikatoa kete nikampa, nikasimama mlangoni kumlinda asije mtu. Mimi ndiye niliyempa.

Mliporudi, mlimkuta amerudi mkekani. Mkamwekea mikono mkaanza kuomba, na ndani ya muda mfupi kutetemeka kukakoma, jasho likakauka, akafumbua macho akaomba chakula. Alikula ugali na mlenda sahani mbili. Mliimba. Wewe ulilia dada, ukanikumbatia, ukasema marehemu mama angeona siku hii. Nami nilikuwa nimeinamisha kichwa, mkadhani nashukuru.

Kwa hiyo kilichomtuliza Clement siku ile ni unga, na niliununua mimi.

Kesho yake tulifika hapa. Muuguzi wa zamu, dada mmoja anaitwa Klara, alimwangalia Clement mboni za macho akasema huyu ametumia tangu atoke nyumbani, hawezi kuanza dawa mpaka unga uishe mwilini, la sivyo vitu hivyo viwili vikikutana vinaweza kumwua. Akamwuliza aliyempa ni nani. Clement akajibu haraka kwamba alijitafutia mwenyewe, baba hajui lolote. Mwanangu alisema uongo kunificha. Nilitoka nje, nikazunguka uwanja huu sijui mara ngapi, nikarudi nikamwambia Klara ni mimi. Nilitegemea atanifukuza. Akasema, "Asante kwa kusema mzee. Siku nyingine usifanye hivyo, ungeweza kumpoteza. Sasa kaa naye, kesho asubuhi tutaanza." Akaandika kwenye faili akaita mwingine.

Dawa yenyewe inaitwa methadoni. Ni ya maji, wanaipima kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele ya muuguzi, halafu wanamsemesha waone kweli amemeza. Walianza na kiasi kidogo wakapandisha polepole mpaka arosto ikakoma kabisa. Walimpima kifua kikuu na magonjwa mengine, na kila wiki anakaa na afisa ustawi wa jamii wanazungumza. Siku mbili za kwanza hakulala. Wiki ya tatu alitoroka, nikamtafuta mchana kutwa, akarudi mwenyewe akapanga foleni. Inabidi afike hapa kila siku, mvua na jua, Krismasi na Pasaka. Shemeji aliniuliza kama hiyo si kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi namwona mwanangu anaamka, ananawa, anaulizia hali ya mama yake, na sasa ameanza kuziba matairi kwa fundi mmoja jirani na tulipopanga. Mwambie shemeji hivyo.

Simaanishi kwamba maombi yenu ni bure. Mimi mwenyewe naomba kila siku kwenye benchi hili. Lakini ushuhuda uliotoa umejengwa juu ya uongo wangu, na sasa uongo huo umefunga mlango juu ya mtoto wa Sikudhani. Mnangoja atulie kama Clement. Hatatulia hivyo, dada. Atadhoofika, maji yatamwisha mwilini. Na akipona akatoka, siku ya tatu au ya kumi mtamkuta kama Clement alivyokutwa nyuma ya banda, na pengine pale hakutakuwa na Nathan. Nakuomba kwa magoti, fungueni. Mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, apelekwe hospitali hapo hapo kwenu leo, halafu aletwe huku. Klara amesema atampokea. Kanisani sema lolote juu yangu, hata jina langu litaje. Mchungaji wetu nitamwambia mwenyewe, na uzee wa kanisa nitauweka mezani kwake.

Nilipofika hapo kuandika, Clement alikuwa ametoka dirishani. Aliniuliza namwandikia nani karatasi zote hizi. Nikampa asome. Alisoma akiwa amesimama, pale kwenye mambo ya choo cha Kilimatinde akasoma mara mbili. Halafu akauliza Mazengo amefungiwa siku ngapi. Nikasema leo ni ya tano. Akaniambia, "Baba, barua haifungui mlango. Twende." Nikamkumbusha dawa. Akasema ya leo ameshakunywa, na ya kesho ni kesho. Nilirudi kwa Klara, naye akakubali, mradi kesho asubuhi Clement na Mazengo wawe wote wawili hapa.

Basi tunapanda na Gasto saa nne. Nimemwambia Clement kwamba tukishuka stendi ya Manyoni nitamshika mkono. Amecheka, akasema yeye ndiye atakayenishika mimi.

Barua hii sitaichana. Najifahamu, nikikuona nitaanza tena kuuliza habari za goti. Nitakupa mkononi mara tu nikifika, nami nitakaa uani nikikungoja umalize. Usome polepole, hata ukitaka kukasirika kasirika. Ila Clement hatakungoja. Yeye atapita moja kwa moja chumba cha nyuma kwa Mazengo, na juu ya bahasha nimeandika: dada, kabla hujafungua, mpe ufunguo.

Salamu za Kristina na za majirani nitazitoa kwa mdomo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Naftali.