Kiwanja Yetu ya Muheto Inainama

Jumatatu, 11/5

Mashuti makumi mbili mbele ya masomo. Kumi na saba ndani. Ngombe za Papa zililala tena katikati ya kiwanja, nilizifukuza na fimbo. Hapa Muheto hakuna muntu anapiga balo ya chini kunipita, hata bavulana. Hakuna mwenye atasoma hii, basi niandike wazi: niko muzuri.

Jumanne, 12/5

Mungu yangu! Mungu yangu weee!

Kaka Espoir, kocha wetu wa mupira kwa masomo, alipata simu. Timu ya basichana ya université moja ya Goma inatafuta mushambuliaji. Moja tu. Ule watachukua atasoma bure mupaka mwisho. Test iko Jumamosi. Espoir alitaja jina yangu: Riziki! Nilipiga kelele mu darasa, mwalimu wa hesabu akanitoa inje. Huko inje nikacheza peke yangu.

Jumatano, 13/5

Nilimuambia Papa. Akauliza: «Balo inatoa maziwa?»

Nilikasirika sana. Bila hii nafasi, université ni ndoto tu, na yeye anajua. Hajanionaka nikicheza hata siku moja. Mama alizungumuza naye pembeni, sijui nini. Kisha Papa akasema atakwenda pamoja na mimi, aone na macho yake. Hiyo njo mubaya zaidi.

Ijumaa, 15/5

Nimefua jezi. Imekauka. Nimefua tena.

Jumamosi, 16/5

Lazima niandike yote.

Pikipiki mupaka Sake, kisha taxi. Barrière, kizuizi ya barabara kule Mubambiro, ilitukalisha saa muzima. Papa na bidon yake ya maziwa kwa magoti: mwenye ngombe haendi kwa bantu mikono mitupu, alisema. Aliipatia Mama kocha wa ile timu mbele hata ya kusalimia. Haya ilinishika!

Mashuti kumi kila muntu. Kiwanja safi, sawa kama meza. Ya kwanza: inje, kushoto. Ya pili: inje, kushoto. Ya tatu vilevile. Benzangu banacheka. Nilitaka udongo unimeze. Mama kocha alianza kuangalia karatasi yake, hakuniangalia tena.

Pale Papa aliniita kwa nguvu, namna anaita ngombe: «Riziki! Hapa hakuna mulima!»

Kumbe! Kiwanja yetu inashuka upande wa kuume. Miaka yote nalenga kushoto, mulima unanirudishia balo. Mimi mwenyewe sikujuaka! Ila muntu anazunguka na ngombe kwa milima tangu utoto, yeye aliona mara moja.

Nililenga goli yenyewe. Ndani. Ndani. Saba zote ndani! Ya mwisho golikipa hakutikisika hata. Mama kocha aliacha karatasi, akauliza kwetu tunachezea wapi. Nikamuambia: kwa malisho. Akacheka, akaandika kitu. Andika, Mama, andika!

Jumapili, 17/5

Misa. Sikusikia hata neno moja. Simu iko kimya.

Jumanne, 19/5

Kimya. Espoir anasema nivumilie. Avumilie yeye.

Jumatano, 20/5

Njo mimi! NJO MIMI! Wamenichukua! Nipite tu examen d'État, ile ya kumaliza masomo, mwezi wa kumi niko Goma. Nilikimbia mulima muzima, nilikumbatia kila muntu, hata mwalimu wa hesabu. Papa alisikia, akasema «Sawa», akaendelea na kazi. Sawa tu? Basi.

Alhamisi, 21/5

Asubuhi Papa aliniita kwa boma. Kwetu ngombe anapewa muvulana akikua, ao mukwe. Binti hapana. Alifungua kamba ya mutamba moja, ule mweusi, akaiweka mu mukono yangu. Akasema: «Huyu ni wako. Nitamuchunga mupaka umalize.»

Papa alikuwa anaangalia upande ingine. Tulisimama pale, ngombe alikuwa anakula majani.