Nimechambua Atomi za Mutheu

Mji wa Wote, Jumamosi, jua kali

Dada Syombua,

Nakusalimu kutoka kwenye maonyesho ya sayansi. Mutheu wako alikuwa amechanganya mbaazi na ndengu kwenye sinia, aonyeshe vile atomi za glasi ya metali, ile metali ambayo atomi zake hazijajipanga, hukaa zikibanwa. Alipoenda kuita wageni, niliona ni aibu wakute sinia chafu hivyo. Nikazichambua zote, mbaazi safu zake, ndengu safu zake.

"Mjomba! Umechambua atomi zangu! Glasi ni huo mchanganyiko, haina safu!"

Wageni aliokuja nao walicheka sana. Akachanganya upya, akakandamiza kwa kibao. Zikasogeleana, lakini safu hazikutokea. Mimi nilitazama viatu vyangu tu.

Mungu akutunze. Ukimpigia simu, niombee msamaha. Mimi bado siwezi kumtazama usoni.

Ndugu yako, Mutua