Puto la Vero Nililolificha

Igoma, Mwanza
Jumapili

Mpendwa Mama Vero,

Nakusalimu huko Ukerewe kwa mama. Mmeamkaje, na kichanga ananyonya vizuri? Mimi mzima, nimerudi kiwandani kukata minofu ya sangara, na Vero amepona. Nimetanguliza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Nilikuandikia kwamba maumivu ya siko seli yalimbana mbavu, tukalazwa. Sikukuandikia yote. Siku ya kwanza nesi alimpa puto, akanielekeza kwamba akiwa macho alipulize kila saa, kwa sababu mtoto anayeumwa mbavu huvuta pumzi kidogo kidogo, na mapafu yasipotanuka hushikwa na ugonjwa. Nikaitikia vizuri kabisa.

Mchana ule, kitanda cha pili, bibi mmoja alifiwa na mjukuu wake. Yeye analia, mwanangu anapuliza puto jekundu, na watu wanatutazama. Niliona aibu, Mama Vero. Nikamnyang'anya, nikalitia mfukoni, nikamwambia, "Kwenye msiba hatuchezi." Bibi alipoondoka sikulirudisha. Nilijisemea puto litatibu nini, dawa si sindano? Sikio la kufa halisikii dawa, ila langu lilitaka kumuua mtoto.

Siku ya tatu akaanza kukohoa, homa ikapanda, akawa anahema kwa shida. Daktari akasema mapafu yameshikwa. Akawekewa oksijeni, akachomwa sindano, akaongezwa damu. Kisha daktari akauliza kama alikuwa akipuliza. Puto liko mfukoni mwangu. Vero ndiye aliyejibu: "Nilikataa mwenyewe. Nilikuwa mvivu." Nesi akamgombeza, mtoto asiyeweza hata kukaa, na mimi baba yake nikatazama sakafu. Mpaka tunaruhusiwa sikusema kitu.

Tumeambiwa akipata homa, au kifua kikimbana, tusingoje kupambazuke, tumkimbize hospitali. Maji anywe kwa wingi, na baridi ya ziwani asiachwe nayo.

Mwambie mama mkwe shikamoo yangu, na shemeji mwalimu nampa pole ya kazi. Jumamosi tunapanda meli kuja huko. Vero atakuambia alikataa kupuliza. Hata mimi bado ananiambia hivyo. Usimgombeze. Aliniomba puto lake mara mbili, nikamnyima.

Ni mimi mumeo,
Baba Vero