Maji ya Mwasmini

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtoto haanzi neno kabla ya salamu. Basi niache nisalimie.

Bustani yako ipo. Kipupwe kilichopita, cha kwanza bila wewe, nyanya chungu zilizaa mpaka majirani wakachoka kugawiwa. Vuli nikapanda kunde na bamia palepale kando ya bafu, na maboga nikayaacha yatambae ukutani. Mchicha sikuupanda, umejiotea wenyewe, kama kawaida yake ya kutongoja mwaliko. Nachuma, napika, na baba husema mboga tamu. Halafu anaacha nusu sahani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimwagilia? Alasiri ikisha kuswaliwa unajifunga kanga kiunoni, unanikabidhi ndoo ya kisima, yako unaijaza kwenye pipa la nyuma ya jiko. Kiangazi kisima chetu kinakuwa na chumvi, na wewe hukutaka mchezo. "Mchicha hauchagui," ulikuwa ukisema. "Lakini mwasmini ni mwari. Ukimpa maji ya kisima, atakununia mpaka afe." Basi mwasmini ulikunywa maji ya mvua, na mvua ikikatika, ya bomba uliyoyaweka akiba. Kabla ya magharibi tulichuma asmini zingali zimefumba, tukazitunga kwenye uzi. Kikuba kimoja chako, kimoja changu. Mpaka leo nikisikia harufu ile nageuka kutazama nyuma.

Baba wakati huo yuko dirishani na cherehani yake, anashona kanzu, anakuona ukipita na ndoo. Bustani ilikuwa yako; yeye hakugusa jani. Isipokuwa ile siku alipotaka kukusaidia palizi akang'oa mnavu wote akidhani magugu. Ulicheka ukashika ukuta. "Mume wangu, rudi kwenye sindano zako!" Akarudi, naye anacheka.

Sasa sikiliza. Kiangazi hiki nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha, nikamkuta baba ameinama chini ya lile dirisha, anaumwagilia mwasmini. Mzee wa watu na mgongo wake ule! Nilisimama mlangoni machozi yakanitoka. Kila siku akawa vivyo hivyo: anateka kisimani, anatia udhu, anaswali, kisha maji yaliyobaki anaupelekea mwasmini taratibu, anazungumza nao kwa sauti ndogo. Sikuwahi kusogea karibu nisikie anachosema.

Kisha majani yakaanza kuungua pembeni. Vichipukizi vikakauka. Nikajua ni chumvi.

Mama, ungefanyaje? Kila nilipofungua mdomo kumwambia, niliishia kumwuliza kama amekula. Ningemwambiaje mzee aliyefiwa kwamba kitu alichobakiwa nacho anakiua kwa mkono wake mwenyewe? Na nikinyamaza, mti unakufa. Nilikuwa nalala na mwasmini, naamka na mwasmini.

Nikaona nitumie ujanja. Kila nikirudi shule, kabla ya adhana, nikawa nateka maji ya bomba niliyoyaweka akiba kwenye pipa lako la nyuma ya jiko, najaza ndoo zake, naziweka pale kisimani. "Nimeshakutekea, baba. Usijipinde mgongo." Akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akuweke." Nami nikajiona hodari.

Masika yakaingia, majani yakarudi. Alhamisi iliyopita nimekaa uani nachambua matembele, baba akaja na kisahani mkononi. Asmini, mama! Chache tu, zimefumba, na nyingine kazichuma na majani yake kwa kutojua. Akakaa karibu yangu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nasukutua kwa maji yale kila alasiri. Ulidhani ulimi wangu hauijui chumvi ya kisima changu?"

Nikainamia matembele yangu.

"Nilijua siku ileile. Nikaona mtoto ananisitiri, nami nimsitiri." Akawa anazigeuza zile asmini kwa kidole. "Linaloniuma si hilo. Mama yako nimemwona akimwagilia tangu ujana mpaka uzee, kila siku ya Mungu, hapo mbele ya macho yangu. Sikumwuliza hata mara moja maji anayatoa wapi."

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya jiko. Hakuwahi kukanyaga kule. Nikamwonyesha pipa, na kata yako iliyoning'inia msumarini mpaka leo. Akaitia majini, akanywa. "Kumbe," akasema. Basi, hilo tu.

Tangu hapo anateka mwenyewe, na ananiuliza habari zako kana kwamba ndiyo kwanza anakuposa. Mbegu za bamia alizihifadhi wapi? Bilingani alipenda za namna gani? Mengine siyajui, nami naumia, maana wa kuulizwa ni wewe. Jana akauliza, "Na mwasmini, kwa nini aliupanda pale dirishani pangu, wakati uani kote kuna nafasi?"

Hilo nilikuwa nalijua. Uliniambia mwenyewe: ulitaka akishona jioni harufu imfuate alipo. Yeye kutwa kioo cha dirisha kakifunga, upepo usimpeperushie vitambaa, nawe ukasema, "Acha, iko siku joto litamshinda atafungua."

Nikamwambia hivyohivyo ulivyosema. Akainuka, akaingia ndani.

Nakuandikia nimekaa uani, mama, na jua linakuchwa. Asmini zimeanza kufumbuka. Cherehani inalia, na vitambaa vimetapakaa sakafuni, na dirisha liko wazi.

Mungu akulaze pema. Nimekukosa mno.

Mimi kitinda mimba wako,
mbeba ndoo ya mchicha.