Nyumba Na. 47 ya Tundulwa

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA KAMATI YA SOMO MAALUMU: MASHINE, TAKWIMU NA JAMII
Jumatano, 12 Machi 1975, chumba cha kadi, jengo la zamani la Chuo, Morogoro

WALIOHUDHURIA
Ndugu Patrick Mushumbusi, Mwenyekiti
Ndugu Yunusi Mbaruku, mwalimu wa takwimu
Ndugu Zainabu Pazi, mwalimu wa elimu ya jamii
Ndugu Athumani Stambuli, mwalimu wa mafunzo ya vijijini, Katibu

ALIYEALIKWA
Ndugu Modesta Kobelo, mpishi wa bwalo la Chuo

HAKUHUDHURIA
Ndugu Joseph Hizza. Hakutoa taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/6/75: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:20 asubuhi. Aliwakumbusha wajumbe kwamba Somo hili liko katika mwaka wa majaribio, na kwamba wakaguzi watafika tarehe 30 Machi kuamua kama liendelee au lifutwe. Alisema kwa sababu hiyo hana nafasi ya maneno mengi. Alizungumza kwa dakika ishirini na tano.

KUMB. NA. 2/6/75: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Ndugu Yunusi alilalamika kwamba kumbukumbu zilizopita zilimwonyesha kama mtu mbishi. Katibu alijibu kwamba aliandika yaliyosemwa. Ndugu Yunusi alibisha. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/6/75: TAARIFA YA TUNDULWA
Mwenyekiti alimtaka Katibu aeleze kazi ya Tundulwa kwa ufupi, ili mgeni aelewe.

Katibu alieleza kwamba mwezi Septemba mwaka jana yeye na wanafunzi kumi na wawili walipanda Tundulwa, kitongoji kilicho juu ya Kinole, wakahesabu kaya kwa fomu. Majibu yalihamishiwa kwenye kadi za kutoboa, kadi zikapelekwa Dar es Salaam kwenye mashine ya kuhesabu. Mashine ilitoa orodha: nyumba 212, kati yake nyumba 181 zina watu, na 31 ni mahame, yaani zimeachwa. Kikosi cha kuhamishia watu vijiji vya ujamaa kiliomba orodha hiyo kikapewa, na Kamati hii ilipongezana kwamba sasa elimu yetu inalisaidia taifa. Tarehe 6 Januari watu wa Tundulwa walishushwa kwenye kijiji kipya cha bondeni. Waliitwa nyumba moja moja, kwa namba za orodha yetu.

Ndugu Modesta alisema ameelewa tangu zamani, asante.

KUMB. NA. 4/6/75: OMBI LA NDUGU MODESTA KOBELO
Ndugu Modesta alieleza kwamba mama yake, marehemu Bibi Regina, alikuwa akiishi peke yake Tundulwa, nyumba ya mwisho juu ya kijito, na macho yake yalikuwa hayaoni. Siku ya kuhama nyumba yake haikuitwa. Majirani walidhani binti yake amekwisha kumchukua kumleta mjini. Yeye Modesta, akiwa zamu jikoni, alidhani mama ameshuka na majirani. Jumapili iliyofuata, alipopata ruhusa, alikwenda kijiji kipya na sukari na kanga, akapita mlango kwa mlango. Hakumkuta, na kupanda mlimani bila kibali kulikuwa kumekwisha katazwa.

Alisema mzee Kasimiri, aliyepanda kwa siri kuchimba magimbi yake, ndiye aliyemkuta mama tarehe 17 Januari, ameegemea mlango kwa nje. Alimzika palepale peke yake, bila padri, bila ndugu hata mmoja.



Ndugu Modesta aliendelea kusema kwamba anaomba kibali cha kupanda mlimani na ndugu zake na padri, waweke msalaba na kuanua tanga. Ofisi ya vibali imemkatalia mara tatu. Karani alimwonyesha orodha: nyumba namba 47, hame. Akamwambia hame halina marehemu. Anaomba Kamati imwandikie barua ya mistari miwili tu, yenye muhuri, ya kumwonyesha karani kwamba nyumba ile ilikuwa na mtu. Alisema toka Januari analala chini, mkekani, na hawezi kurudi kitandani kabla tanga la mama yake halijaanuliwa.

Ndugu Yunusi alitoa pole. Kisha alisema kwamba, kwa utaalamu, kosa moja katika nyumba 212 halifiki hata nusu ya asilimia moja, na ni matokeo ya kujivunia.

Ndugu Zainabu alimwomba Ndugu Yunusi amtazame usoni Ndugu Modesta ayarudie maneno hayo. Ndugu Yunusi alisema asifundishwe adabu. Ndugu Zainabu alisema lo, angefurahi sana kama ingekuwa imeshafundishwa. Mwenyekiti aligonga meza.

Mwenyekiti aliuliza kosa lilitokea wapi, mashine au watoboaji kadi. Katibu alijibu kwamba ni fomu. Swali la kwanza lilikuwa: "Mwenye nyumba hii ni nani?" Maelekezo yalisema kama mwenye nyumba hakai humo, andika H, yaani hame, uende nyumba nyingine. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na msimamizi wake ni mjomba au kaka. Mwanamke akiulizwa mwenye nyumba, kwa heshima humtaja kaka yake, hata kama kaka anaishi mbali, huku yeye mwenyewe amelala humo miaka sitini. Katibu alisema amezipitia fomu zote tena wiki iliyopita. Kati ya mahame 31, kumi na tisa yana jibu la namna hiyo. Wenyeji wa kumi na nane kati ya hayo walipiga kelele siku ile, wakapakiwa. Bibi Regina hakusikia namba yake, akaendelea kungoja.

Ndugu Zainabu alitaka iandikwe kwamba mwezi Agosti alishauri fomu zijaribiwe kwanza kwa kaya chache za Waluguru, akaambiwa anachelewesha maendeleo. Imeandikwa. Aliyemwambia hivyo ni Katibu.

Mwenyekiti alisema moyo wake unauma, lakini barua hiyo itakuwa ni Kamati kukiri kwamba taarifa nzima haifai, siku kumi na nane kabla ya wakaguzi, na Somo litakufa. Alipendekeza suala lisubiri mpaka baada ya tarehe 30, kisha kadi ya nyumba namba 47 itobolewe upya. Ndugu Yunusi aliunga mkono. Ndugu Zainabu alipinga. Katibu hana kura.

Iliamuliwa kwamba barua isiandikwe kwa sasa.

Ndugu Modesta aliomba kuuliza swali moja. Aliuliza nani aliyefika kwa mama yake na fomu.

Katibu alijibu kwamba ni yeye. Alisema alimwamkia Bibi, naye akaitikia marahaba, akamuuliza ni mtoto wa nani, akamkaribisha togwa. Alikunywa vikombe viwili. Alimuuliza mwenye nyumba ni nani, Bibi akasema ni kaka yake aliyeko Kinole. Katibu aliandika H akiwa bado ameshika kikombe chake.

Ndugu Modesta alisema: "Basi Mwalimu, wewe umemwona. Mimi nilikuwa sijamwona tangu Pasaka."

Akashukuru, akasema ana chakula cha mchana jikoni, akatoka.

KUMB. NA. 5/6/75: MENGINEYO
Ndugu Yunusi alikuwa na hoja kuhusu kabati la kadi. Hakuna aliyeijadili.

Katibu aliomba yafuatayo yaingizwe kwenye kumbukumbu kama kauli yake mwenyewe, si uamuzi wa Kamati: Nyumba Na. 47, Tundulwa, ilikuwa na mtu. Jina lake Regina. Aliyemhesabu kama hayupo ni Athumani Stambuli.

Ndugu Yunusi alipinga kauli hiyo kuingizwa. Mwenyekiti alisema mjumbe ana haki ya kauli yake kuandikwa.

KUMB. NA. 6/6/75: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana. Wajumbe waliondoka mmoja mmoja.

Mwenyekiti: P. Mushumbusi (sahihi na muhuri), 14 Machi 1975
Katibu: A. Stambuli (sahihi), 14 Machi 1975

Nyongeza kwa mkono, nakala ya jalada tu:
Kanuni inataka nakala mbili zenye muhuri. Mwenyekiti alisoma zote mpaka mwisho, akagonga muhuri kwenye nakala tatu. Nilipomuuliza ya tatu ni ya nani, alisema hajui, akavaa koti akaenda zake. Niliipeleka jikoni. Ndugu Modesta alifuta mikono, akaniomba nimsomee pale penye jina la mama yake tu. Nikamsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia, na mara ya tatu akamalizia yeye.
A.S.