Funda la Maji

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumeanza! Bismillahi. Filamu yangu ya kwanza, nyumbani kwa Ami Swabir, ndugu wa baba yangu, hapa Munje. Saluni ya Ukunda nimeifunga wiki nzima — maharusi wakitaka hina wapakane wenyewe. Kamera na vinasa sauti ni vya Kahindi, mpiga picha za harusi. Jumamosi ana kazi Lunga Lunga, kisha amejaa mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hivyo ni wiki hii au basi.

Hadithi ni ya mume na mke waliozeeka pamoja, mpaka siku mume anamwacha mke jikoni, kwa hasira. Mume ni Ami. Mke ni Bi Zainabu, mkewe wa halali. Ningemtia mwanamume mwingine chumba kimoja naye, Munje nzima ingenisema! Hata majina nimewaachia yao, maana Ami kumwita mkewe jina jingine ameshindwa.

Bi Zainabu kazaliwa kuigiza, wallahi. Ami naye mzito kama gunia la mchele. Lakini ule uso wake — hutaki kuacha kuutazama.

Jumatatu, 4 Agosti

Ami anaumwa na jino. Bi Zainabu alimgombeza kwa kukanyaga sakafu mbichi, basi Ami akaenda mtungini, akajaza funda la maji, akatoka nje mashavu yamevimba. Akakaa huko mpaka Kahindi akachoka kumngoja. Alasiri tena! Ugomvi kidogo, funda la maji, nje.

Nimempa karafuu. Weka kwenye jino, Ami, uing'ate. Akanitazama, akaitia mfukoni. Bi Zainabu alicheka mpaka akakaa chini. Sijui kilichomchekesha.

Jumanne, 5 Agosti

Maneno yote Ami anayajua isipokuwa lile moja. "Zainabu, nimekuacha." Akifika hapo, anakohoa. Anauliza kama kumeadhiniwa. Saa nne asubuhi!

Nikaliandika kwenye karatasi ya manila, herufi kubwa, kalamu nyekundu, nikasimama nayo nyuma ya Kahindi. Ami akasema hana miwani. Miwani iko usoni!

Nikapandisha sauti. Astaghfirullah, kwa Ami wangu! Nikamwambia ni mchezo tu, neno moja litamuua? Akaenda mtungini.

Adhuhuri naitafuta manila yangu, siioni. Kumbe Bi Zainabu kaiwashia jiko. Na chai kaniletea, anatabasamu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemfuata Bi Zainabu uani, anakuna nazi. Nikamwaga yote: Kahindi anaondoka, filamu bila ile talaka ni mchuzi usio chumvi. Hakuacha kukuna.

"Mwanarusi, talaka ina mzaha?"

Nikasema haina, chuoni tumesoma sote kwamba hata ya mchezo hupita, lakini hii ni filamu.

"Mimi mbili nishapewa, mwanangu. Ya tatu waja kunipigia picha wewe?"

Loh! Nilikosa pa kuuweka uso. Mbili! Ya kwanza sijazaliwa, ya pili mimi ni mtoto. Mara zote alimrejea kabla eda haijaisha. Ya tatu haina kurejeana. Ndiyo sababu ya maji, akaniambia. Ami ana hasira za moto — Ami, mpole huyu! — na tangu ile ya pili, akihisi zinapanda, anajaza funda, ulimi usipate nafasi. Miaka yote hii. Nami nimempa karafuu.

Nililia. Bi Zainabu akanisukumia nazi nyingine nivunje.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwomba Ami radhi. Nimempigia simu Ustadh wa chuoni pia. Akasema wanazuoni wana maneno yao kuhusu maigizo, ila yeye hataki awe ndiye aliyeruhusu. Kahindi, kwao si Waislamu, aliona ajabu. Neno usilolikusudia linavunjaje nyumba? Nilipomweleza habari ya maji, akasema basi huyu mzee anampenda mkewe. Nampenda Kahindi kwa hilo.

Talaka nimeifuta. Kesho ni ugomvi, Ami ajaze funda, atoke. Bi Zainabu amkaripie atakavyo. Ami kafurahi, kanichinjia kuku!

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika barazani.

Baada ya swala tulianza vizuri. Tukarudia na kurudia, mtungi ukaisha. Funda la mwisho, Kahindi akawasha. Bi Zainabu akaanza na maneno yangu, ya mchuzi ulioungua. Kisha akayaacha. Sauti ikashuka.

"Ile ya pili, Swabir. Nilikuwa nimetoka kumzika mama. Hata buibui sijavua. Ukaniuliza chakula kiko wapi."

Haya sikuyaandika mimi!

"Sijakuuliza mpaka leo. Leo nakuuliza. Kwa nini?"

Mashavu ya Ami yamejaa, macho nayo yamejaa. Nikaona koo linacheza. Ameyameza. Maji yote. Akafungua kinywa.

Nikapiga kelele asiseme! Nilidhani — sitaki kuandika nilichodhani.

Bi Zainabu hata hakugeuka. Akasema tumpishe, yeye na mumewe. Tukatoka, mlango ukafungwa.

Tumekaa hapa, ghafla Kahindi anashika masikio. Kinasa sauti bado kimebanwa kwenye kanzu ya Ami! Akavua hedfoni, akaniwekea mapajani, akasema haya si yake. Ameenda kusimama barabarani.

Zanong'ona. Maneno siyapati, lakini sauti ni ya Ami. Ami, ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa! Anasema, na anasema. Wallahi nataka kusikia. Filamu yangu ndiyo hii, imo humu, na kesho Kahindi hayupo.

Nimezivingirisha kwenye leso. Nimezikalia.

Sasa kimya.

Mlango umefunguka kidogo. Bi Zainabu, sauti nzito, pua imejaa: "Mwanarusi! Tuletee maji. Vikombe viwili."

Viwili! Sikuthubutu kuuliza ni ya kunywa au ya —