Injini ya Hailaksi kwenye Landrova ya Mjomba

Kilimarondo, 3 Juni 2024

Mpwa wangu Dionisia,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, ila magoti yanamsumbua mke wangu, Mama Fortunatus, na tembo wamepita tena kwenye mihogo. Wewe hujambo? Unakula? Mama yako anasema siku hizi unawaza mpaka sufuria zinaungua.

Landrova imekufa. Bloku ya injini ilipasuka mlimani nikiwa na mjamzito na magunia ya ufuta. Tulimbeba kwa machela mpaka tukapata bodaboda; amejifungua salama. Bila gari, hapa mimi ni mzee wa kuota jua tu.

Huzaifa, anayesafirisha ufuta wetu, atalivuta kwa lori lake mpaka gereji yenu. Kwetu cha mjomba ni cha mpwa, na wewe ndiye uliyesomea mashine. Fanya uonavyo, mradi nishike usukani kabla ya mvua.

Mjomba wako,
Felisian

Ruangwa, 14 Julai 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninakula. Mpe pole Mama Fortunatus.

Nilikaa nikilitazama gari lako siku nyingi kabla ya kushika spana. Fundi wetu mkuu, Habibu, akanicheka: “Injinia, unalitengeneza au unalichumbia?”

Bloku ile haifai tena. Nimeweka injini ya dizeli ya Hailaksi, na giaboksi yake. Nimekata vishikio vya zamani na kuchomelea vipya, na shafti tumezifupisha. Haitikisiki. Haipigi kelele. Ilipowaka mara ya kwanza nilienda nyuma ya kontena nikalia kidogo.

Nasikia ndugu wa Ruponda wanasema mpwa anayetoa injini ya mjomba wake amemrithi angali hai. Sijakurithi, Mjomba. Nataka uliendeshe mpaka mimi nizeeke.

Mpwa wako,
Dionisia

Kilimarondo, 30 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku hatujambo.

Gari lilifika. Ni zuri. Nimeliegesha. Nimempa Huzaifa stata ya gari akuletee, imeharibika. Nadhani injini hii ni ya vijana. Abiria wangu wa Marambo walishuka njiani, wakaonyesha kwa mikono kwamba afadhali watembee.

Usijisumbue tena. Ukitaka, lichukue likufae huko.

Mjomba wako

Ruangwa, 15 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Barua yako iliniumiza, nikaamua nisijibu. Niliona umeyasikiliza maneno ya Ruponda. Nikaitupa stata chini ya meza, kila nikipita nageuza uso.

Leo nimeifungua. Meno yake yameliwa yote. Huliwa hivyo mtu anapozungusha ufunguo wakati injini imeshawaka, tena si mara moja. Nikamfuata Huzaifa. Akasema, “Mjomba wako anakwenda na gia ya kwanza mpaka gari linalia kama nguruwe. Watu wanapiga mayowe, yeye anatabasamu!”

Mjomba, masikio yako yamechoka tangu lini?

Injini ya zamani ilikutetemesha mpaka kwenye nyayo, ukajua imewaka, ukajua inataka gia. Mimi nikakuletea injini tulivu, nikajisifia utulivu wake. Hukuniambia, nami sikuuliza.

Nakutumia stata nyingine na saa ya mizunguko ya injini. Bonifasi, fundi wa matrekta wa Nachingwea, atakuja kufunga stata, na saa ataiweka mbele ya usukani. Mshale ukiinuka, injini imewaka, acha ufunguo. Ukifika nilipopaka rangi yangu nyekundu ya kucha, badili gia. Ukilala kwenye sifuri, imezima. Tazama vioo kila wakati, na Mama Fortunatus akae mbele, akusikilizie honi.

Kama hutaki, niambie hutaki. Ila usiniambie ni ya vijana.

Mpwa wako,
Dionisia

Ruangwa, 2 Oktoba 2024

Mpwa wangu Dionisia,

Marahaba. Mimi mzima, ukiacha hayo masikio.

Ni mwaka wa pili sasa. Hata Mama Fortunatus sikumwambia. Kila mtu nilimwitikia “ndiyo”, ndivyo nilivyojikuta mwenyekiti wa kamati ya choo cha shule. Niliogopa ukijua utasema niache kuendesha, na neno lako ningelitii. Nikaona heri nikurudishie gari kabla hujaniomba.

Nilimsomea Mama Fortunatus barua yako. Alinuna kutwa nzima, jioni akauliza anakaa upande gani. Tumetoka Kilimarondo alfajiri. Kila honi ananigonga bega, na nyingine nadhani anazitunga mwenyewe, sasa bega limevimba. Marambo, wale walioshuka walipanda tena. Mmoja alifumba macho mpaka Nachingwea. Gia zote nimebadili palepale kwenye wekundu.

Sasa mlinzi wa gereji yenu ananisemesha, midomo inakwenda mbio, nami leo sitaki kuitikia “ndiyo”. Nimemwomba karatasi na kalamu, akuletee hii.

Mshale umelala kwenye sifuri. Toka nje, mwanangu, useme nami polepole, nikuone midomo.

Mjomba wako,
Felisian